Sura ya 4: Mwizi Anayeijua Kalenda ya Chuo

Barabara ya kutoka Eldoret kwenda Ziwa hupita Chepkoilel, kilomita 9 hivi kutoka mjini, mahali kilipo Chuo Kikuu cha Eldoret. Mwaka 1946 walowezi wa Kizungu walianzisha hapo kituo cha kufunzana kilimo cha mashamba makubwa. Mwaka 1984 kikawa chuo cha walimu, mwaka 1990 kikachukuliwa na Chuo Kikuu cha Moi, na mwaka 2013 kikapewa hati ya kujitegemea. Ukizidi kwenda kaskazini, mahindi huku na ngano kule, unafika Ziwa penyewe: soko, hospitali, chuo cha ufundi, ghala la nafaka na vibanda vya M-Pesa vilivyopakwa rangi ya kijani. Matatu za njia hii hubeba watu wa aina mbili. Kuna mkulima anayekwenda mjini kutafuta kipuri cha trekta, na kuna komredi, kama mwanafunzi wa chuo kikuu anavyojiita Kenya nzima, anayerudi nyumbani kuchukua unga na kibuyu cha mursik, maziwa ya mgando.

Wote wawili wana simu, na wote wawili huibiwa kupitia simu hiyo. Ya mkulima huwa hatuyashangai. Ya komredi ndiyo yanayotatiza. M-Pesa ilizinduliwa Machi 2007, kwa hiyo huyu amekua nayo nyumbani. Hakumbuki dunia isiyo na meseji ya "umepokea". Anajua kurekebisha simu za ukoo mzima. Na bado, mchana kweupe, akili zake zote zikiwa timamu, anamsomea mtu asiyemjua namba za siri. Jibu la haraka ni kwamba hana elimu ya usalama wa mtandao, na jibu hilo ni jepesi mno. Elimu anayo. Ila aliyopewa inamhusu mwizi wa sinema, yule mwenye kofia ya sweta na skrini yenye maandishi ya kijani. Mwizi wake yeye hupitia kwingine kabisa: kwenye kalenda ya chuo.

Sikiliza mazungumzo haya, ambayo kila chuo cha Kenya kinayajua kwa namna yake. Ni wiki ambayo kila mtu anangoja hela za HELB, bodi ya mikopo ya wanafunzi. Simu inalia.

— Halo, habari yako. Naongea na...? (Anataja majina matatu, kwa mpangilio uleule wa kitambulisho.)

— Ndiyo, ni mimi.

— Sawa. Napiga kutoka ofisi ya mikopo. Pesa zako za matumizi zimerudi kwa sababu laini haijalingana na kitambulisho. Wenzako wamepata?

— Wengine wamepata.

— Basi wewe uko kwa orodha ya waliokwama. Nakutumia namba sita sasa hivi, unisomee tukurekebishie kabla ya saa sita. Usikate simu.

— Lakini si tunaambiwa tusipeane PIN?

— Kabisa! PIN usimpe mtu yeyote. Hata mimi usinitajie. Ni hizo namba sita tu.

Tazama alichofanya mpigaji. Amekubaliana na bango lililobandikwa ukutani, "Usimpe mtu PIN yako", kisha akapita pembeni yake. Namba sita ambazo mwanafunzi atazisoma ndizo zinazofungua WhatsApp yake kwenye simu nyingine, au barua pepe yake, au akaunti yoyote inayotumia ujumbe mfupi kuthibitisha mwenyewe. Mwanafunzi ametii kila neno alilofundishwa, na ameibiwa. Sasa angalia vitu vitatu vilivyomfanya amwamini: majina kamili, wiki yenyewe, na ile "kabla ya saa sita". Hakuna hata kimoja kinachohitaji kompyuta.

Wiki ndiyo silaha kubwa kuliko zote, kwa sababu maisha ya mwanafunzi wa Kenya yana tarehe zinazojulikana na kila mtu. Matokeo ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, yakikaribia kutoka, wanatokea wanaodai kubadilisha alama. KUCCPS ikifungua nafasi za kuchagua kozi, wanatokea wanaoahidi udaktari kwa mwenye C ya kujumlisha. Barua za kujiunga na chuo zikitoka, kuna wanaouza vitanda vya hosteli wasizozimiliki. Halafu HELB. Halafu karo na makataa yake. Halafu atachimenti, yaani mafunzo kazini, na "kampuni" inayotaka ada ya usajili ili ikupokee. Mwaka wa nne unaisha na kazi za Ghuba na Canada. Mtapeli hana haja ya kuvunja mfumo wa chuo kujua mwanafunzi anangoja nini. Anasoma gazeti tu.

Uasin Gishu, kaunti ya Eldoret na Ziwa, ina kidonda chake katika jambo hili, na kilichokisababisha hakikuwa intaneti hata kidogo. Mwaka 2021 kaunti ilianzisha mpango wa kupeleka vijana kusoma Finland na Canada, wazazi wakalipa mamia ya maelfu ya shilingi kila mmoja, wengine wakiuza mashamba na ng'ombe. Wengi hawakwenda, na baadhi ya waliokwenda walijikuta karo yao haijafika. Agosti 2023 wazazi na wanafunzi waliandamana Eldoret, na baadhi ya waliosimamia mpango huo wakafikishwa mahakamani, ambako walikana mashtaka. Hapakuwa na mdukuzi. Palikuwa na akaunti ya benki, stakabadhi zenye mhuri, na imani ya watu kwa ofisi yao. Nayaleta hapa kwa sababu moja: tunapozungumzia usalama wa mtandao tunapenda kuanza na mtandao, ilhali pesa za watu wa huku zimezoea kuondoka kwa njia ya ofisi, barua na jina la mtu anayeheshimiwa. Simu imeifanya njia hiyo kuwa ya haraka zaidi.

Nguvu ya jina linaloaminika watafiti waliipima zamani. Mwaka 2005, katika Chuo Kikuu cha Indiana nchini Marekani, watafiti walikusanya kutoka mitandao ya kijamii, bila kudukua chochote, orodha ya nani ni rafiki wa nani. Kisha wakawatumia wanafunzi barua pepe za bandia zenye kiungo cha kuingiza nenosiri la chuo. Barua iliyotoka kwa mtu asiyejulikana, ingawa ilikuwa na anwani ya chuo, iliwanasa 15 kati ya 94, yaani asilimia 16. Barua ileile ikiwa na jina la rafiki iliwanasa 349 kati ya 487, asilimia 72. Mwaka uliotangulia, chuo cha kijeshi cha West Point kiliwatumia makadeti 512 barua ya kanali ambaye hakuwahi kuwepo; asilimia 80 hivi walibofya. Rafiki na mkubwa. Kwa mwanafunzi wa Chepkoilel leo, wote wawili wanaishi ndani ya kundi moja la WhatsApp la darasa, pamoja na kiongozi wa darasa anayepeleka matangazo ya mhadhiri. Mwizi akiishika akaunti moja ya kundi hilo ameshika mlango wa wote. Kesho yake wanaanza kusoma: "Bro, niko hospitali, nitumie 1,500 nitarudisha jioni."

Hapa ndipo mafunzo ya kawaida yanapotia shaka. Kila Oktoba, mwezi wa uhamasishaji wa usalama wa mtandao, mabango hutoka, wageni huhutubia ukumbini, fulana hugawiwa. Sisemi ni bure. Lakini mwaka 2025 ulichapishwa utafiti wa wafanyakazi zaidi ya 19,500 wa hospitali za Chuo Kikuu cha California, San Diego, waliotumiwa barua kumi za bandia kwa muda wa miezi minane. Katika kukwepa mtego, waliopewa mafunzo waliwazidi wasiopewa kwa tofauti ya asilimia 1.7 tu. Watu walikuwa wanaufunga ukurasa wa somo mara tu unapofunguka. Kama daktari na muuguzi wanaolipwa mshahara hawabadiliki kwa somo la namna hiyo, sioni kwa nini mwanafunzi mwenye njaa abadilike.

Basi ningependa kuona mafunzo yahamishwe kutoka ukumbini yapelekwe kwenye foleni. Siku ya usajili wa mwaka wa kwanza, mwanafunzi husimama saa nyingi akiwa na simu mkononi, faili ya bahasha na kiu. Hapo kuna kazi anazoweza kuzifanya kwa vidole vyake, mtu akimwonyesha, na akishazifanya zinamlinda hata siku ambayo hatakuwa na akili za kutosha. Piga *100*100#, ili laini yako ya Safaricom isiweze kubadilishwa kwa wakala, ila kwa wewe mwenyewe kufika duka la Safaricom. Fungua WhatsApp, weka ile PIN ya pili inayoulizwa akaunti inapohamia simu nyingine. Hata ukizisoma zile namba sita, mwizi atakwama hapo. Piga *106# uone ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako. Badilisha nenosiri la tovuti ya wanafunzi, kwa kuwa ulilopewa mara nyingi ni namba yako ya usajili au ya kitambulisho, na ile ya usajili darasa zima linaijua kwa sababu imebandikwa kwenye orodha ya mtihani.

Hilo la nenosiri linataka maelezo kidogo. Shirika la viwango la Marekani, NIST, lilibadilisha ushauri wake mwaka 2017: liliacha kupendekeza kulazimisha watu kubadilisha nenosiri kila baada ya miezi kadhaa, na likasisitiza urefu kuliko alama za ajabuajabu. Watu wakilazimishwa, huongeza 1 mwishoni, kisha 2. Mzungumzaji wa Kiswahili ana bahati hapa. Maneno manne yasiyohusiana, ya Kiswahili yakichanganywa na ya Kinandi au ya Kikeiyo, ni marefu, yanakumbukika, na ni nadra kupatikana katika orodha ambazo wadukuzi huanza nazo. Ila PIN ya tarakimu nne haina nafasi hiyo. Mwaka 2012 mchambuzi Nick Berry alichunguza PIN milioni 3.4 zilizokuwa zimevuja na kukuta karibu asilimia 11 ni 1234, na miaka ya kuzaliwa imejaa tele. Mwaka wako wa kuzaliwa uko kwenye kitambulisho. Kitambulisho kiko kwenye saiba.

Na sasa tuingie saiba, lile duka la intaneti la mtaani, maana huko ndiko majina matatu yalikopatikana. Ombi la mkopo linataka nakala ya kitambulisho chako, vya wazazi, vya wadhamini, pamoja na picha yako. Mfumo mpya wa ufadhili ulioanza 2023 uliongeza maswali kuhusu hali ya familia, ili kupanga wanafunzi katika makundi kwa uwezo wao. Mahakama Kuu iliutangaza kuwa kinyume cha Katiba Desemba 2024, lakini fomu zilikuwa zimeshajazwa. Zinajazwa wapi? Ziwa, Moi's Bridge, Soy, kwenye chumba chenye kompyuta tatu na mashine ya kudurufu. Kijana wa saiba ni mtu mwema kwa kawaida, na bila yeye nusu ya watoto wa kijijini wasingefika chuoni. Lakini tazama anavyofanya kazi. Anapiga skani, faili linaingia kwenye folda ya vilivyopakuliwa, juu ya mafaili ya wateja wa juzi na ya mwaka jana. Mteja hana barua pepe, basi anafunguliwa hapo hapo. Namba ya kurejesha akaunti inawekwa ya saiba, kwa kuwa ya mteja haina chaji. Nenosiri linaandikwa kwenye daftari la kaunta, ili akirudi akiwa amelisahau asaidiwe. Miezi sita baadaye barua pepe hiyo ndiyo inayopokea ujumbe wa chuo, wa HELB, wa KUCCPS. Mwenye daftari ndiye mwenye mwanafunzi.

Tiba yake ni ya dakika chache, na haihitaji kumgombeza mtu wa saiba. Ukishapata simu yako, ingia kwenye barua pepe, badilisha namba ya kurejesha akaunti, badilisha nenosiri, kisha tazama ni vifaa gani bado vimeingia humo na uvitoe. Na ukienda saiba, mwombe afute mafaili yako ukiwa umesimama pale, hata kwenye pipa la taka la kompyuta. Atacheka. Mwache acheke.

Kuna kosa lingine dogo ambalo wataalamu wa chuo wenyewe hulipitisha. Vyuo vingi vya Kenya hupata intaneti kupitia KENET, mtandao wa elimu, na wanachama wake wanaweza kutumia eduroam, mfumo unaomwezesha mwanafunzi kuingia kwenye Wi-Fi ya chuo chochote kilichojiunga, Eldoret au Helsinki, kwa nenosiri la chuo chake. Simu ya Android, hasa ya zamani, inapounganishwa mara ya kwanza huuliza kuhusu cheti cha usalama. Mwanafunzi mwenye haraka, au msaidizi wa maabara mwenye foleni ndefu, huchagua "usithibitishe", na intaneti inaingia. Tangu siku hiyo simu hiyo iko tayari kumkabidhi siri zako mtu yeyote atakayewasha kifaa chake na kukiita eduroam, hata akiwa amekaa kwenye kibanda cha chipsi nje ya geti. Sijaona bango la Oktoba linaloeleza jambo hili, na ndilo linaloihusu simu ya mwanafunzi kila siku anapoingia darasani.

Mwanafunzi hasimami upande wa walioibiwa peke yake. Katika Bonde la Ufa, utani wa utapeli wa simu huishia Mulot, mji mdogo mpakani mwa Bomet na Narok, ambako wapelelezi wa DCI wamekamata vijana mara kwa mara wakiwa na rundo la laini. Ukitaja wizi wa simu mbele ya makomredi, mmoja atasema "hao ni wa Mulot", mwingine atasema "hao wako Kamiti", yaani gerezani, na wote watacheka. Utani huo siupendi, kwa sababu unampa mwizi anwani ya mbali. Laini zile si zote zilizosajiliwa kwa majina ya watu wa Mulot. Nyingine ni za mwanafunzi aliyeombwa na mtu amwazime kitambulisho "dakika moja tu", akapewa 500, akaenda kununua chakula cha jioni. Wapo pia wanaoazima akaunti zao za M-Pesa ili pesa za mtu zipitie humo. Polisi wanapofuatilia muamala, jina la kwanza wanalolikuta ni la komredi huyo.

Sheria haimhurumii. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ilitiwa saini na Rais Uhuru Kenyatta tarehe 16 Mei 2018. Kabla ya mwezi kuisha, Mahakama Kuu ilisimamisha vifungu 26 kwa ombi la Chama cha Wanablogu, BAKE, na Februari 2020 ikaamua kwamba vinaweza kutumika. Ubishi huo ulikuwa wa haki, kwani vifungu kadhaa vinagusa uhuru wa kusema, na marekebisho ya Oktoba 2025 yameurudisha mahakamani. Lakini vifungu vya wizi havina ubishi. Kutuma ujumbe wa kumlaghai mtu atoe taarifa zake ni faini hadi shilingi 300,000 au kifungo hadi miaka 3, au vyote viwili. Kuingia kwenye mfumo usioruhusiwa, na hapo ndipo anapoingia yule anayejaribu nenosiri la mhadhiri ili aone alama, ni faini hadi milioni 5 au miaka 3, au vyote. Nimesikia wanafunzi wa kompyuta wakiliita jambo hilo mazoezi. Mahakama haina neno hilo.

Kwa nini kijana mwenye akili auze jina lake kwa 500? Swali hilo lilijibiwa hadharani mwaka 2023. Julai ya mwaka huo Worldcoin ilizindua mradi wake Kenya rasmi, ikapiga picha mboni za macho ya watu na kuwapa sarafu za kidijitali zenye thamani ya kama shilingi 7,000. Foleni za Nairobi zilijaa vijana. Tarehe 2 Agosti serikali ikasimamisha shughuli hiyo, watu zaidi ya 350,000 wakiwa wameshajisajili, na Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru data hizo zifutwe. Ukiwauliza waliopanga foleni, hawakukosa habari. Walikuwa na kodi ya chumba. Somo lolote la usalama wa mtandao lisilotaja kodi ya chumba linazungumza na mtu mwingine.

Nimesema mapema kwamba komredi ndiye fundi wa simu za ukoo, na hilo ndilo linalonifanya niirudie barabara ya Ziwa. Anaposhuka kwenye matatu likizo ya Desemba, hata kabla ya chai, simu zinaanza kuletwa. Ya mama, iliyofungwa kwa mpira. Ya shangazi, isiyopokea picha. Ya mzee jirani, ile ya mulika mwizi, ambayo inasema kumbukumbu imejaa. Na meseji za kutafsiriwa. Tangu serikali ianze kusajili wakulima kwa ajili ya mbolea ya ruzuku, ambayo mwaka 2023 ilishuka hadi shilingi 2,500 kwa gunia la kilo 50, mkulima wa Uasin Gishu amezoea kupokea ujumbe wenye namba za siri na kuupeleka ghalani akapewe gunia. Ni mfumo mzuri. Ila umemzoesha jambo moja: namba zikija kwenye simu, ni heri.

— Mama, hii meseji imetoka wapi?

— Si ni ya mbolea. Wamesema nilipe 350 ya usafiri kwanza.

— Mama, ya mbolea haikuombi utume pesa kwa namba ya mtu. Angalia juu hapa, imetoka kwa namba ya kawaida.

— Lakini ina jina langu.

— Jina lako liko kila mahali, mama.

Mazungumzo hayo mafupi ni darasa ambalo hakuna wizara iliyoweza kulileta nyumbani hapo. Yana mwalimu anayeaminika, lugha ya nyumbani, na mfano ulio mkononi. Yana pia hatari yake: fundi huyo wa ukoo anazijua PIN zote, na ya mama mara nyingi ni mwaka aliozaliwa mtoto wa kwanza. Ningemshauri aanze kwa kuzisahau. Amwachie mama aweke mpya akiwa amegeuza mgongo, kisha wafanye pamoja mambo machache: kufunga laini kwa *100*100#, kuangalia salio kwa *334# kabla ya kuamini meseji yoyote ya "umepokea", kutuma meseji za matapeli kwa 333, na kujua kwamba Safaricom wakikupigia hupiga kwa 0722 000 000. Pesa zikienda kwa mtu siye, ujumbe wenyewe wa M-Pesa hupelekwa 456 upesi, kabla hazijatolewa. Haya si mengi. Yanatosha kabla ya chai kupoa.

Nimeacha chuo chenyewe mwisho kwa makusudi, kwa kuwa ndicho kinachowafunza wanafunzi kuibiwa, nacho hakijui. Fikiria mwezi wa kawaida wa mwanafunzi. Tangazo la kuahirisha mtihani linakuja kama picha ya barua iliyotiwa saini, imesukumwa kwenye WhatsApp mara tano, haijulikani ilikotoka. Fomu ya kujisajili kwa safari ya masomo ni kiungo kilichofupishwa, na inauliza namba ya kitambulisho. Pesa za notsi zinatumwa kwa namba binafsi ya kiongozi wa darasa. Mtu wa ofisi anapiga kwa simu yake mwenyewe, bila kujitambulisha, na anakasirika akiulizwa yeye ni nani. Yote ni halali, yote ni ya kweli, na yote yana sura ileile ya utapeli. Mwanafunzi akishayatii kwa miaka miwili, tutamwambia aanze kushuku kwa kipimo gani?

Upande wa malipo, serikali iliwahi kujaribu njia ya mlango mmoja. Mwaka 2023 ilianza kuhamishia malipo ya huduma zake kwenye Paybill moja, 222222, na hivyo mwananchi akapata sababu ya kushuku namba nyingine yoyote. Mwezi Julai wa mwaka huohuo, kundi lililojiita Anonymous Sudan likaifurikisha eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kwa maombi ya uongo hadi huduma zikakwama, na wasafiri wakashindwa kupata viza mtandaoni. Kwa hiyo mlango mmoja una gharama yake: ukifungwa, wote wanabaki nje. Bado ningeuchagua kuliko milango mia isiyo na majina, mradi chuo kiwe na karatasi ubaoni kwa siku ambayo mtandao utalala.

Kazi ya kwanza haihitaji mtaalamu wa kutoka Nairobi wala bajeti ya wafadhili. Msajili, mhasibu na viongozi wa wanafunzi wakae alasiri moja waandike: chuo hupokea pesa kwa namba ipi, hutoa matangazo kwenye ukurasa upi, hupiga simu kwa namba ipi, na hakiulizi nini kamwe. Wanafunzi waruhusiwe kukataa chochote kilicho nje ya orodha hiyo, hata kikitoka kwa mkuu wa idara, na asiadhibiwe mtu kwa kukataa. Orodha ichapwe nyuma ya barua ya kujiunga na chuo, itoke pamoja nayo, iwafikie Ziwa kabla ya foleni za usajili kuanza.